DB5 ya Jasusi kwa Bei ya Meru na Embu

Agosti 2019, katika mnada wa RM Sotheby's kule Monterey, California, Aston Martin DB5 moja ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Wala si ile aliyoiendesha Sean Connery katika Goldfinger, filamu ya James Bond ya mwaka 1964. Ilikuwa ya kutangazia filamu iliyofuata, Thunderball, ikiwa imefungwa mitambo ya kijasusi. Mwaka uliofuata Aston Martin wenyewe walianza kuwakabidhi wateja nakala mpya 25, kila moja pauni milioni 2.75 kabla ya kodi, zenye bunduki za maigizo upande wa mbele na kibao cha namba kinachogeuka. Hata ukilipa pesa hizo zote, gari hilo haliruhusiwi kutembea kwenye barabara ya umma.

Basi karibu kila mtu duniani, awe na pesa au asiwe nazo, akitaka DB5 ataiendesha kwa pad. Naandika kwa ajili ya wale wa Meru na Embu wanaotaka kufanya hivyo: mwanafunzi wa chuo kule Nchiru anayejiwekea akiba ya PS4, mzazi wa Kangaru anayeombwa pesa za gemu kila Jumamosi, mwenye kibanda cha gemu Nkubu anayetafuta CD ya kuwavutia wateja wasiopenda mpira. Bei za mitumba nitakazotaja ni za kukadiria, kwa maana duka na jirani yake hawauzi sawa, na bei hushuka ukijua kubembeleza. Zile za mtandaoni ni za dola, nami nimezigeuza kwa shilingi 129 kwa dola moja, kiwango ambacho hakijasogea sana tangu katikati ya 2024.

Niseme mapema ninaloamini. Gemu yenye DB5 iliyochorwa vizuri kuliko zote si lazima iwe ndiyo utakayoiendesha zaidi. Huku kwetu kuna mambo yanayoamua kabla ya uzuri wa picha: stima, intaneti, na ni nani anayebaki na gari siku kampuni ikiamua kufunga duka. Ukiyapima hayo kwanza, utajiokolea maelfu ya shilingi.

Anzia kibandani, maana huko ndiko pesa kidogo hufika mbali. Mjini Meru na mjini Embu, na hata kwenye vituo vya soko kama Runyenjes na Maua, hukosi chumba chenye PS4 mbili au tatu, na siku hizi pengine PS5 moja. Viti ni vya plastiki, televisheni imefungiwa ndani ya fremu ya vyuma, na mhudumu ana daftari la shule anamoandika saa uliyoanza. Mechi ya mpira hulipiwa shilingi 10 hadi 20. Ukitaka saa nzima utaitishwa kati ya 60 na 150, kulingana na mashine na mtaa. Gemu ya magari hulipiwa kwa muda, na hapo mwenye kibanda hafurahi sana, kwa kuwa mpira huwakalisha watu wawili kwenye mashine moja na kila mechi inaleta pesa mpya, hali wewe uko peke yako na barabara yako. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, chumba kikiwa kitupu, uombe upunguziwe saa. Mara nyingi atakubali.

Kabla hujalipa, shika pad uikague. Kijiti cha kushoto ndicho usukani wako, na katika vibanda vingi mpira wa juu ya kijiti hicho umekwisha kabisa kwa miaka ya FIFA. Imebaki plastiki tupu inayoteleza chini ya kidole gumba. Katika mpira huna hasara kubwa. Katika gari la zamani linalotaka usukani uguswe kidogo kidogo, kijiti cha namna hiyo kitakupeleka mtaroni kila kona. Kisukume taratibu kushoto na kulia ukiwa kwenye menyu. Kikijivuta chenyewe kabla hujakigusa, omba pad nyingine.

Sasa ukimwuliza mhudumu kama ana gemu yenye Aston Martin ya James Bond, atakwambia hana. Mwulize kama ana GTA V. Anayo. Rockstar, watengenezaji wake, hawakutumia chapa halisi za magari, kwa hiyo DB5 imo humo kwa jina la Dewbauchee JB 700, na anayeijua hahitaji kuelezwa. Katika misheni iitwayo Deep Inside, Franklin, mhusika unayemchezesha, anaingia mahali filamu ya kijasusi inapopigwa picha, anavaa mavazi ya mwigizaji, anaondoka na gari huku mwigizaji wa kike akiwa kiti cha abiria. Miiba inamwagwa barabarani kuwatoboa matairi wanaofukuza, na kiti kinamrusha abiria nje, kama kilivyofanya katika Goldfinger. Mimi naona hii ndiyo DB5 ya kijasusi yenye thamani kubwa kuliko zote kwa pesa ya Kenya, kwa sababu hadithi ya GTA V inachezwa bila intaneti yoyote, CD yake ya mitumba ya PS4 hupatikana kwa shilingi 2,000 hadi 3,000, na karibu kila kibanda tayari kinayo.

Misheni hiyo haiji mwanzoni, na watu wengi hulipa saa tatu nne za kibanda wakihangaika na hadithi kabla ya kuifikia. Usifanye hivyo. Mashine za vibandani huwa na hadithi iliyokwisha kuchezwa na mtu mwingine. Bonyeza kitufe cha kusimamisha, ingia Game, kisha Replay Mission, uichague misheni kwenye orodha. Nusu saa, shilingi 50 hivi, na umeendesha, umemwaga miiba, umemrusha mtu kwa kiti. Ukipenda, unarudia.

Mzazi ajue hili: GTA V imewekewa alama ya miaka 18 na zaidi, na alama hiyo inastahili. Kuna matusi, kuna ngono, kuna mateso yanayoonyeshwa waziwazi. Kwa mtoto wa darasa la sita, DB5 yake isiwe ya humo.

Ya mtoto huyo, na ya mtu mzima anayetaka gari lenyewe bila bunduki, ni Gran Turismo 7. Ilitoka tarehe 4 Machi 2022 kwa PS4 na PS5, na DB5 ya 1964 imo, ikiwa na jina lake halisi na kila kipande cha kromu mahali pake. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ni gemu ninayoipenda na pia ndiyo inayowagharimu watu wetu zaidi bila wao kutarajia.

Kwanza uzuri wake. DB5 halisi ina injini ya silinda sita, lita 4, nguvu farasi 282 kwa hesabu ya kiwandani, gia tano, na mwendo wa juu wa kilomita 230 hivi kwa saa. Kwa gari la 1964 hiyo ni kasi ya ajabu, lakini breki na matairi ni ya enzi hizo pia. Gran Turismo inakuonyesha hilo bila kukuficha. Ukiingia kona kwa mwendo wa gari la kisasa, bodi inalala upande wa nje, pua inakataa kugeuka, na ukikanyaga mafuta mapema mkia unaondoka. Yeyote aliyewahi kukaa mbele katika matatu inayoteremka kuelekea Mto Thuci, mpakani mwa Embu na Tharaka-Nithi, anajua dereva mzuri hufanya nini pale: anapunguza mwendo mapema, anashika gia ya chini, anageuka mara moja kwa utulivu, kisha anapanda. DB5 inaendeshwa vivyo hivyo. Anayejifunza kuitoa kwenye kona bila kuteleza amejifunza kitu cha kweli kuhusu uzito na breki, na ndiyo maana napendelea kijana atumie saa zake hapa kuliko katika gemu ambazo ukuta ndio unaokugeuzia gari.

Sasa gharama. DB5 haikungojei ukifungua gemu. Inauzwa katika duka la magari mashuhuri ambalo huonyesha machache kwa wakati mmoja na kuyabadilisha, na bei zake hufuata makadirio ya Hagerty, kampuni ya bima inayofuatilia thamani ya magari ya kale. Unaweza kulisubiri gari, likaja, ukakuta huna salio la kutosha, likaondoka. Salio hupatikana kwa kushindana, na hizo ni saa nyingi. Ama unalinunua kwa pesa halisi: salio milioni 2 za gemu ni dola 19.99, karibu shilingi 2,580. Nawasihi wasomaji wasilipe hiyo. Pesa hiyo ni zaidi ya nusu ya bei ya CD yenyewe ya mitumba, ambayo hupatikana kwa kati ya 3,500 na 5,000, na inakupa kitu ambacho subira ingekupa bure.

Kwa mtu wa kibandani, Gran Turismo 7 ina tatizo jingine. Maendeleo yako yamefungwa na akaunti. Ukikusanya salio la wiki nzima kwenye akaunti ya kibanda, mtu mwingine Jumapili anaweza kulitumia lote kwa lori. Fungua akaunti yako na uombe ruhusa ya kuingia nayo. Wenye vibanda wengine hukubali, wengine hukataa.

Kisha intaneti, na hapa ndipo wengi huumia. Sehemu kubwa ya Gran Turismo 7, hata unapocheza peke yako, inataka mashine iwe mtandaoni. Machi 2022, wiki mbili tu baada ya kutoka, sasisho moja liliharibika na gemu ikafungwa kwa zaidi ya saa 30 dunia nzima. Watu walikuwa na CD mkononi na hawakuweza kucheza. Polyphony Digital, watengenezaji, waliomba radhi na kuwapa wachezaji salio milioni 1. Sawa, lakini funzo kwa mtu wa Timau au Siakago ni kwamba intaneti ikianguka, gereji yako inafungwa. Huhitaji kulipia PlayStation Plus ili kucheza hadithi, hilo ni zuri, na kucheza kwenyewe hakuli data nyingi. Kinachokula ni masasisho: ukiweka CD ya 2022 leo, utatakiwa kupakua makumi ya GB kabla ya mambo kukaa sawa. Kwa bando za simu hilo ni pigo. Kifurushi cha Starlink cha GB 50, kilichotangazwa Kenya mwaka 2024 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, kinaweza kuisha siku hiyo hiyo. Mwenye faiba ya nyumbani, kwa mfano ile ya Safaricom ya shilingi 2,999 kwa mwezi, ataacha mashine ikipakua usiku kucha asubuhi awe tayari. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama nyumba tayari ina intaneti isiyopimwa kwa sababu nyingine, za kazi au masomo, nunua Gran Turismo 7 bila kusita. Kama utalazimika kuiingiza intaneti kwa ajili ya gemu, hiyo ni karibu shilingi 36,000 kwa mwaka, zaidi ya bei ya PS4 ya mitumba. Usinunue.

Kununua toleo la mtandaoni badala ya CD hakukusaidii. Kenya haimo katika nchi ambazo Sony hufungulia duka lake la PlayStation, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya Marekani, Uingereza au Afrika Kusini na kununua kadi za zawadi za nchi hiyo. Kadi ya nchi moja haifanyi kazi kwenye akaunti ya nchi nyingine, na ukikosea umepoteza. Zaidi ya hapo gemu yenyewe ina uzito wa zaidi ya GB 100. CD unaweza kuiuza ukichoka nayo, au kubadilishana na jirani. Na CD za PS4 hazibagui nchi: iliyotoka Dubai au London itasomwa na mashine yoyote.

Kuna watakaosema DB5 bora kuliko zote ilikuwa ya Forza Horizon 4, nami nakubaliana nao. Oktoba 2018 gemu hiyo ilikuja na kifurushi cha magari 10 ya filamu za Bond: DB5 ya Goldfinger, Lotus Esprit ya The Spy Who Loved Me, hata ile Citroën 2CV ya For Your Eyes Only. Kwa mpenzi wa sinema ilikuwa karamu. Lakini tarehe 15 Desemba 2024 gemu iliondolewa madukani, vifurushi vyake vikiwa vimekwisha kuondolewa miezi kadhaa kabla, kwa kuwa leseni za chapa zilikuwa zimefika mwisho. Aliyekwisha kununua anaendelea kucheza. Aliyechelewa hana pa kununua isipokuwa CD ya mitumba ya Xbox One, na CD ya kawaida inakupa gemu tu. Magari ya Bond yalikuwa yakinunuliwa kando. Kwa hiyo ukikuta muuzaji anakusifia CD ya Forza Horizon 4 kwa ajili ya DB5, mwambie aiwashe mashine akuonyeshe gari likiwa gerejini. Wala usikubali kuambiwa kwamba Forza Horizon 5 ni ile ile. Kifurushi cha Bond cha 2018 kilikuwa cha namba 4.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu si mara ya kwanza. Blood Stone ya 2010, gemu nzuri ya Bond yenye DB5 ndani yake, ilitoweka kwenye maduka ya mtandaoni mapema 2013 pamoja na gemu nyingine za Bond za Activision. Leo inapatikana kwa mitumba tu, kwa mfano CD za PS3 na Xbox 360. Gari la filamu lina wenyewe wengi: kiwanda, kampuni ya filamu, mtengenezaji wa gemu. Mmoja akijitoa, gari linaondolewa rafuni. Mnunuzi wa huku, ambaye pesa yake ya gemu ni ya kuungaunga, ana haki ya kujua hilo kabla ya kulipa, na kwa kawaida hakuna anayemwambia.

Kwa sababu hiyo naitetea PS2. Ndiyo, ya mwaka 2000. Mashine nyembamba ya mitumba iliyotoka Uingereza hupatikana kwa shilingi 6,000 hadi 8,000, haihitaji intaneti, haina masasisho, na stima inayokula ni kidogo. From Russia with Love ya 2005 inacheza humo: Sean Connery mwenyewe, akiwa mzee, alikubali kutoa sauti ya Bond, na DB5 unaiendesha ikiwa na silaha zake. Agent Under Fire ya 2001 nayo inayo. Na kwa kuwa PS2 inasoma CD za PlayStation ya kwanza, utaweza pia kucheza 007 Racing ya 2000, ambayo ni magari ya Bond mwanzo hadi mwisho. Picha zake zimezeeka sana na usukani wake ni mzito, lakini mtoto wa miaka 12 aliyeanza na hiyo ataifurahia. Kosa la kuepuka ni moja: PS2 hubagua nchi. Mashine ya Uingereza haisomi CD ya Marekani. Ukimwagiza shangazi aliye Texas akuletee CD, itakuja na haitawaka. Mwagize aliye Birmingham. Nyingi za CD zinazouzwa mitaani kwa shilingi 100 ni za kunakiliwa, zinahitaji mashine iliyofunguliwa ndani ili izikubali, na mashine iliyofunguliwa vibaya hufa jicho lake la kusomea mapema. Bei rahisi hapo huwa ghali.

Simu na mengineyo nitayapitia upesi. CSR Racing 2 ni ya bure na DB5 imo miongoni mwa magari yake ya kale, lakini ni mashindano ya mstari ulionyooka: unabadilisha gia, hugeuzi usukani. Kwa jasusi wa milimani hiyo haitoshi. Rocket League, ambayo ni ya bure tangu Septemba 2020, iliuza DB5 ya Bond Julai 2021 kwa krediti 1,100, karibu dola 10, yaani shilingi 1,290. Ni gari la kuchezea mpira, na halikai dukani muda wote. Sitoi pesa hapo. Mwenye kompyuta yenye kadi ya picha anaweza kulipia gemu kwenye duka la Steam kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay bila kuwa na akaunti ya benki, na hilo limewafungulia vijana wengi mlango. Laptop ya ofisini ya mitumba isiyo na kadi hiyo itahangaika tu.

Turudi kwenye hesabu ya nyumbani, ambayo ndiyo wazazi huniuliza. Chukua PS4 Slim ya mitumba ya shilingi 22,000, CD moja ya 3,000, na TV guard ya 1,000 hivi. Usiiache TV guard nyuma. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo, kama inavyofanya msimu wa mvua, ndiyo itakayokufa badala ya mashine. Jumla 26,000. Mashine na televisheni ya inchi 32 pamoja hula kama wati 140. Kwa unit ya tokeni ya shilingi 27 hivi, saa moja ya kucheza ni shilingi 4. Kibandani saa ni 100. Tofauti ni 96, na 26,000 ukigawa kwa 96 unapata saa kama 270. Mtoto anayecheza saa nne kwa wiki atafika hapo baada ya mwaka na miezi kadhaa.

Lakini hesabu hiyo haijataja kwamba PS4 huuzika. Ukiitunza, baada ya mwaka itakurudishia labda 15,000, na CD itakurudishia 2,000. Gharama halisi ya mwaka basi ni 9,000 na tokeni za mia chache, hali kibanda kingekula karibu 21,000 kwa saa zile zile. Kwa familia yenye watoto wawili wanaocheza kwa zamu, kununua kunashinda waziwazi. Kwa kijana anayecheza saa moja kila Jumamosi, kibanda kinashinda, na atakuwa na marafiki wa kumshangilia. PS5 ya 65,000 na kuendelea siipendekezi kwa ajili ya DB5. Gari ni lile lile, na kilichoongezeka ni mng'aro na kasi ya kufunguka. Usukani wa kweli kama Logitech G29 unagharimu zaidi ya PS4 nzima. Ni raha kubwa, siwezi kusema uongo, ila ununue mwaka wa pili, baada ya kujua kwamba unapenda kuendesha na si kutazama tu.

Kwa mwenye kibanda nina ushauri tofauti. CD ya Gran Turismo 7 itakuletea wateja wachache wanaokaa muda mrefu. Ukitaka magari yanayoita watu mlangoni, tafuta WRC 9 ya PS4, iliyotoka 2020, au EA Sports WRC ya 2023 kama una PS5. Zote zina Safari Rally ya Kenya, na mtu anayeona vumbi la kwetu kwenye kioo husimama. Wakishazoea kulipia magari kwa saa, ndipo uwaonyeshe DB5.

Ukienda kununua PS4 ya mitumba, iwe Gakoromone au mjini Embu, nenda na CD yako mwenyewe. Iwashe, iache icheze dakika 20 huku ukisikiliza feni. Ikinguruma kama pampu ya maji, ndani kuna vumbi la miaka na utalipa fundi. Toa CD uirudishe mara tatu. Angalia kama inaingia mtandaoni kwa hotspot ya simu yako, maana mashine zilizofungiwa na Sony huuzwa bei nafuu na sehemu kubwa ya Gran Turismo haitafunguka humo. Hakikisha akaunti ya mwenye awali imeondolewa mbele ya macho yako. Kisha mwambie muuzaji akuandikie risiti yenye namba ya mashine, ile iliyoko nyuma karibu na waya, na muda wa dhamana. Akisema, "Kaka, hiyo haina shida, ikisumbua niletee tu," mwambie asante, na aandike hivyo hivyo kwenye risiti.